Kisa cha Babu, na siku tulipokumbuka kumuuliza dada wa kazi

Mama yake kaniruhusu niandike ila kasema jina lisitajwe wala hospitali zisitajwe, kwa hiyo mtoto nitamwita Babu, ndivyo tunavyomwita nyumbani maana karithi jina la babu yake mzaa mama. Mi ni mama yake mdogo. Sio daktari wala nesi, nauza mitumba ya watoto hapa Dar, lakini klinikini nimeenda mara nyingi kuliko mama mtu kwa sababu yeye kaajiriwa na mimi najiajiri, ruhusa najipa mwenyewe.

Babu ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo wake uliumia akiwa mchanga na hauongozi viungo sawasawa. Naanzia katikati. Babu alikuwa na miaka miwili na miezi saba. Siku hiyo nilikuwa nimeteguka mkono, siwezi kumbeba, ikabidi dada wa kazi aje mpaka chumba cha mazoezi badala ya kubaki nje na begi kama siku zote. Mtaalamu akauliza swali lile lile la kila siku, "anaelewa anachoambiwa?" Nikajibu kama kawaida yangu, hapana, haelewi, ukimwita hata hageuki. Dada yuko mlangoni, kavaa ndala zangu, akasema kwa sauti ndogo: "Anaelewa. Ila hasikii."

Tukamwangalia wote. Mtaalamu akamwambia binti, "Mdogo wangu, hebu njoo, tuonyeshe." Binti akachuchumaa mbele ya Babu, chini kabisa, sio usawa wa macho, chini ya macho, akagonga mkeka mara mbili kwa kiganja. Babu akamtazama. Binti akatoa kwenye begi kikombe cha kijani, akakishika bila kusema neno. Babu mwili mzima ukakakamaa, mikono ikaruka huku na huku, mi nilizoea kuita hiyo "anaanza tena", lakini binti hakumgusa wala hakuhangaika, alisubiri tu kikombe kikiwa palepale, kama sekunde kumi na tano hivi, mwili ukatulia, af mtoto akatoa ulimi. Binti akaficha kikombe, akatoa kanga ya kumbebea. Mtoto kafunga mdomo, kageuza uso. Yaani uji anataka, kuondoka hataki. Mtaalamu akaweka kalamu chini.

Mi nilisikia aibu ambayo mpaka leo naandika hapa inanipanda. Sasa turudi nyuma tuone tulifikaje pale.

Babu alizaliwa miezi imetimia, kilo tatu na pointi moja, alilia vizuri, kesho yake wakaruhusiwa. Siku ya tatu macho yakawa ya njano. Jirani akasema ya kawaida hayo, anikeni juani asubuhi, bibi naye akasema hivyo hivyo, na kweli watoto wachanga wengi wanapata manjano na yanaisha yenyewe, ndo maana ushauri ule hauonekani wa kijinga. Tukaanika. Siku ya tano akaacha kunyonya, analala tu, tukasema mtoto mpole huyu. Usiku wake kilio kikabadilika, kikawa chembamba kikali, mgongo ukawa unapinda nyuma kama upinde. Siku ya sita ndo tukafika hospitali, akawekwa kwenye taa za kutibu manjano, zikaanza habari za kubadilishwa damu. Akapona manjano, tukaruhusiwa, tukachinja kuku.

Kilichotokea ni hivi, nimeelewa baadaye sana. Ile njano ikizidi kwenye damu inavuka mpaka ubongoni na kuunguza sehemu za ndani, zile zinazoratibu mwendo wa viungo, na inaharibu njia ya kusikia, na macho yanashindwa kunyanyuka kutazama juu, wakati akili ya kufikiri mara nyingi inasalimika kwa kiasi kikubwa. Soma tena hapo mwisho. Kuacha kunyonya, kulala mno, kilio chembamba na mgongo kupinda ndo ubongo wenyewe unalalamika, na sisi tulikuwa tunahesabu dakika za jua. Af kwa ngozi zetu njano haionekani haraka, unatakiwa kubonyeza ngozi ya pua au paji la uso ukiachia uangalie rangi, uangalie na weupe wa macho na fizi, na ikishafika viganjani na nyayoni hapo hamna cha kesho. Ikitokea ndani ya saa 24 za kwanza ni hatari bila mjadala.

Chanzo kwa Babu hakijulikani mpaka leo. Mama yake damu yake ni grupu O, mtoto akiwa A au B damu zinaweza kugombana, ila hakuna aliyepima wakati ule. Kuna pia upungufu wa kitu kinaitwa G6PD, kinacholinda chembe za damu, huku kwetu kwenye malaria uko mwingi, na mwenye nao hata ile harufu ya vidonge vyeupe vya kufukuzia mende kabatini inaweza kumvunjavunja chembe za damu. Hili linanihusu kwa kazi yangu, kuna wauzaji wenzangu wanatupia vidonge hivyo kwenye marobota ya nguo za vichanga. Mi nimeacha, na nguo zote nafua na kuanika siku mbili kabla ya kuuza.

Kuhusu jua niseme kidogo, maana bibi mpaka leo anaona tunamsingizia. Jua kweli linapunguza manjano, na aliyeligundua hilo kwenye wodi alikuwa nesi. Mwaka 1956 kwenye hospitali ya Rochford kule Essex, Uingereza, sista mmoja, J. Ward, alikuwa na kawaida ya kuwatoa njiti nje uani wapate jua, wakubwa wake hawakupenda sana, mpaka siku alipowaonyesha mtoto ambaye mwili wote umefifia njano isipokuwa pale palipokuwa pamefunikwa na kona ya shuka. Madaktari walidhani kapakwa dawa. Kutoka hapo ndo wakatengeneza taa, wakachapisha 1958. Na huko Nigeria walijaribu jua lililochujwa, watoto wamekaa chini ya paa la plastiki maalum masaa mengi wanapimwapimwa, utafiti ukatoka 2015, likafanya kazi. Lakini hilo ni jua la hospitali lenye mtu wa kuangalia saa zote. Dakika ishirini barazani kwa mtoto aliyeacha kunyonya ni kumchelewesha taa tu. Naomba mmkumbuke huyo sista, nitamrudia.

Miezi minne shingo haijakaza. Miezi kumi na moja hakai. Klinikini tulikuwa tunaenda kila mwezi bila kukosa, anapimwa uzito, mstari kwenye kadi ulikuwa bado unapanda, nikasema mbona hakai, nikaambiwa kila mtoto na wakati wake. Ni kweli, lakini wakati wenyewe una mpaka. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, majibu yakatoka 2006, kukaa bila kushikiliwa kulianzia miezi 3.8 mpaka 9.2, kutembea wenyewe 8.2 mpaka 17.6. Yaani nafasi ni pana kweli, mtoto wa jirani kutembea na miezi tisa isikutie presha, ila miezi kumi na moja hakai haimo humo. Nilipozijua namba hizi Babu alishapita miaka miwili.

Kipindi hicho cha kusubiri wakati wake ndo tukafanya mambo. Bibi alimchimbia shimo kwenye mchanga nyuma ya nyumba, akamsimamisha mpaka kiunoni, kafukia. Mtoto alisimama wima! Bibi akapiga vigelegele, mi nikarekodi. Nina ile video, nikiiangalia sa hivi naona miguu imekakamaa kama mbao, imepishana kama mkasi, vidole vya miguu vimejikunja, na uso wa mtoto ni wa hofu. Sisi tuliona nguvu. Mtaalamu alinieleza baadaye kwamba kukakamaa sio nguvu, Babu akilala usingizi mwili wote unalegea kama mtoto mwingine yeyote, akiamka ukimshtua au ukimfurahisha ndo unakaza wenyewe bila yeye kutaka. Af kuna mtu akasema udata, ule uzi wa chini ya ulimi, ndo unamzuia kuongea, akakatwa, siku tatu hakula vizuri. Hapo nilikuwepo mimi, nilimshika kichwa, kwa hiyo simlaumu mtu.

Mwaka na miezi minne akapewa jina: mtindio wa ubongo. Mama yake alilia siku mbili, siku ya tatu akaenda kazini. Akaanza mazoezi, mara moja kila wiki mbili, dakika arobaini, na maelekezo ya kufanya nyumbani asubuhi na jioni. Na kwa sababu hakuwa anageuka akiitwa, akapelekwa kupimwa masikio, wakamwekea kidude sikioni, mashine ikaonyesha amepita, masikio mazima.

Hapa ndo penyewe. Masikio mazima na haitiki akiitwa, sisi wote tukajumlisha tukapata jibu moja: akili. Hakuna aliyelitamka ila kila mtu alianza kuishi nalo. Baba yake akaacha kumletea midoli. Mi nikaanza kuongea habari zake mbele yake kama kabati. Kumbe kile kipimo kinapima sikio lenyewe, lile sikio la ndani linarudisha mlio, na kwa watoto walioharibiwa na manjano sikio linaweza kuwa zima kabisa, kilichoharibika ni waya wa kupeleka sauti ubongoni. Kupima huo waya unahitaji kipimo kingine, mtoto amelala usingizi na vinyaya vimebandikwa kichwani. Alipokuja kupimwa hivyo, baada ya ile siku ya kikombe, ikaonekana ubongo haupati sauti inavyotakiwa. Mwaka mzima karibu uliishia kwenye neno "amepita". Na ishara zilikuwepo, meno yake ya utoto yalitoka na utusitusi wa njano unaoelekea kijani, akitaka kuangalia juu anarudisha kichwa kizima nyuma badala ya kunyanyua macho. Mtu wa kuziunganisha ndo hakuwepo.

Alikuwepo jamani, alikuwa anafua nepi.

Tufanye hesabu. Mama Babu anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari, anarudi saa mbili usiku. Siku sita kwa wiki. Hayo ni masaa tisini mtoto yuko na binti wa miaka kumi na tisa kutoka kijijini, na dakika arobaini kila wiki mbili yuko na mtaalamu. Mazoezi alifundishwa mama. Mama anafika usiku kachoka, mtoto kachoka, anamnyoosha miguu kama alivyoelekezwa, mtoto anakakamaa analia, mama naye analia, wanalala. Miezi kumi na tano! Na muda wote huo swali la nani anashinda na huyu mtoto halikuulizwa na yeyote, sio mtaalamu, sio daktari, na sisi tuliolijua jibu hatukuona kama ni jibu.

Nilimuuliza binti tukiwa kwenye bajaji tunarudi, ulijuaje hasikii? Akasema kwanza aliona mlango ukibamizwa na upepo Babu hashtuki. Akadhani ni hivyo hivyo tunavyosema, haelewi. Ila siku moja sufuria lilimponyoka jikoni na Babu kalala mkekani akashtuka, akashangaa, akajaribu tena kesho yake, akiwa mkekani anashtuka, akiwa kitandani hashtuki. "Ndo nikajua anasikia kwa mgongo." Sista wa Rochford na kona yake ya shuka na huyu na sufuria lake, mi sioni tofauti, isipokuwa yule alikuwa na sare.

Nikamuuliza mbona hukusema. Kanyamaza kidogo. Akasema alimwambia Mama Babu mwezi wa kwanza tu, akajibiwa we angalia mtoto, mambo ya daktari waachie madaktari. Nilimfikishia Mama Babu usiku ule na nilitegemea atakataa, hakukataa, alisema nakumbuka nilikuwa natafuta kiatu. Af kwa wiki nzima alikuwa mkali kwa yule binti mpaka nikaingilia. Wivu ule mi nauelewa, mtoto wako wa kumzaa ana lugha na mtu mwingine ndani ya nyumba yako na we huijui. Nilimuuliza kama niandike hii sehemu akasema andika, tena iandike vizuri.

Baada ya hapo tuligeuza mpango mzima, na mtaalamu tumpe sifa yake, hakuona haya kubadilika. Klinikini akawa anaenda binti, mimi ndo mbeba begi. Mazoezi ya usiku yakafutwa, badala yake kila kitu kikaingizwa kwenye kazi za mchana, kuvalishwa nguo akiwa kalala ubavu na magoti yamekunjwa maana akikunjwa hivyo mwili haukakamai, kubebwa akiangalia mbele miguu ikiwa imetanuliwa, sio kubebwa kama gogo.

Chakula kilikuwa kesi nyingine. Bibi alikuwa anamlaza mapajani kichwa kimening'inia nyuma anamnywesha uji kwa kiganja, unaingia haraka kweli, mwaka huo alilazwa kwa nimonia mara mbili na hakuna aliyehusisha. Jaribu mwenyewe kumeza mate ukiwa umerudisha kichwa nyuma kabisa, uone. Tukaanza upya: amekaa, kidevu kimeinama kidogo, uji mzito unaosimama kwenye kijiko sio wa kumiminika, kijiko bapa kinatokea chini mbele, kinagusa ulimi, af unasubiri afunge mdomo mwenyewe. Bakuli dogo lilikuwa linachukua saa zima mwanzoni. Bibi aliona tunamtesa mjukuu wake kwa njaa. Miezi sita mbele Babu alitoka kilo nane na robo mpaka karibu kumi, na nimonia haikurudi, bibi hakusema kitu ila kiganja kaacha.

Kiti tulitengeneza kwa maboksi. Unakata makaratasi ya boksi unayagandisha safu kwa safu kwa gundi ya unga wa ngano, unaweka uzito juu, unaacha ikauke, inakuwa ngumu kama mbao na unaipasua umbo la mtoto mwenyewe, kona ya kuegemea, kinundu katikati ya mapaja kutenganisha miguu, meza mbele. Cha kwanza kililiwa na mende kwenye miguu kwa sababu ya ule unga, cha pili tukapaka vanishi. Kwenye kile kiti mikono ya Babu ilitulia kwa mara ya kwanza, mwili ukishashikwa sawasawa mikono inapata nafasi ya kufanya kazi. Akashika kikombe cha kijani. Akakitupa, ila alikishika.

Kifaa cha masikio kilijaribiwa, siku nyingine kinasaidia siku nyingine hamna kitu, na nimeambiwa kwa tatizo la aina hii ndivyo linavyokuwa, kwa hiyo alama na vitu vya kuonyesha ndo lugha ya nyumbani, kifaa ni nyongeza. Ulimi nje ni ndiyo. Kufumba mdomo na kugeuka ni hapana. Baba yake alijifunza hivyo viwili kwa dakika tano af akakaa naye mpaka usiku akimuuliza vitu vya ajabu ajabu, unataka gari, unataka ndege, unamtaka simba, mtoto ulimi nje kwa kila kitu.

Mshahara wa binti niliusemea mimi. Alikuwa analipwa elfu sitini. Huwezi kumpa mtu kazi ya mtaalamu kwa hela ya kufagia, tukagombana na dada yangu, tukafika laki. Na kama kuna mtu anasoma hapa ana mtoto wa hivi na ana msichana wa kazi, hilo lianze kabla ya kiti na kabla ya kijiko.

Desemba iliyopita aliondoka, kaposwa. Mama Babu alimwomba abaki wiki mbili amfundishe mwenzake. Kuandika hakutaka, akachukua simu yangu akarekodi video ishirini na tatu fupi fupi, yeye haonekani, mikono tu, na sauti: hapa anataka kugeuzwa, hapa amechoka usimlazimishe, ukiona kidole gumba kimeingia ndani ya ngumi na jasho linamtoka puani ujue tumbo linamuuma, mkande chini ya kitovu.

Mpya ana miaka ishirini na mbili, muongeaji, siku tatu za mwanzo Babu hakumtolea ulimi hata mara moja. Siku ya tisa napita pale jioni, bado sijavua viatu, akaniuliza, "Mama mdogo, mbona akiangalia feni inavyozunguka anaachia ngumi zote mbili?" Sikujua. Nikamwambia washa tena tuone, nikatoa daftari.